Tarikhi ya Muhtasari wa Samadi Uliotoka Rugu

Asubuhi ya Jumatatu ya pili ya Agosti, mwaka 1953, tangazo lilionekana limepigiliwa misumari minne kwenye mlango wa baraza la Kituntu. Misumari mitatu ilikuwa imenyooka na mmoja umepinda. Hayo yana mashahidi, na tarikhi hii haitaki kuanza na jambo lisilo na shahidi.

Basi tulieni, enyi watu wa Kituntu na Rugu na Chonyonyo, ninyi wenye migomba na ninyi wenye ng'ombe! Toeni mirija ya pombe ya rubisi vinywani, temeni maganda ya kahawa mnazotafuna, wanyamazisheni watoto na mbwa. Mmekwisha kusikia habari za watemi walioteka nchi kwa mikuki. Hiyo ni kazi ya kawaida, na kila nchi inayo. Sikieni sasa habari za mtu aliyepeleka karatasi moja, iliyoandikwa upande mmoja, ikapokelewa.

Tangazo lilisema kwamba mwezi wa Oktoba, mjini Bukoba, utafanyika Mkutano Mkuu wa Kuni, Makaa, Mvuke na Umeme. Wataalamu wangekuja kwa meli kuzungumza juu ya moto, kitu ambacho watu wa Karagwe, kwa bahati njema, walikuwa wamekwisha kukiona. Yeyote aliyetaka kusema mbele ya mkutano alete muhtasari wa maneno yake, aonyeshe shida, njia na matokeo, na matokeo yawe kwa tarakimu. Muhtasari ukabidhiwe kwa karani wa baraza kabla ya lori la posta kupita Jumamosi. Asiye na muhtasari angeruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza.

Mbele ya tangazo hilo alisimama Sostenes wa Rugu, mwana wa Kaijage, mtuliza mafahali, mwimba besi wa kanisa la Kilutheri, mtu ambaye mwandiko wake ulilala upande mmoja kama majani ya mbuga wakati wa upepo. Mwandiko huo ulikuwa fahari yake. Kaka yake mkubwa, Ndyamukama, alikuwa na fimbo ya marehemu baba yao, kiti cha baba yao, na neno la mwisho juu ya ng'ombe wa baba yao, ambao hawajagawanywa hata leo hii ya habari yetu. Sostenes alikuwa na mwandiko. Watu wa Rugu walipotaka kuandika barua walimjia yeye. Walipotaka shauri walimpita wakaenda kwa kaka yake.

Naye alikuwa na jambo la kusema. Kwa misimu miwili yeye na mkewe walikuwa wakichanganya samadi ya zizini na maganda ya kahawa, wakafinyanga maandazi, wakayaanika juu ya majani mpaka yakawa makavu na mepesi. Maandazi hayo yaliwaka polepole, bila moshi mwingi, na yaliivisha maharage. Huo ndio ukweli wote wa jambo lenyewe. Mengine yote yaliyosemwa juu yake ni mapambo.

Alipogeuka ili aende nyumbani, aliona kwamba muhtasari wa kwanza ulikwisha kuletwa. Mletaji alikuwa Gosbert, mwangushaji wa misitu, aliyepeleka kuni kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa, naye alikuwa amesimama kwenye dirisha la karani akijifuta wino kwenye suruali.

"Umeandika nini, bwana Gosbert?" Sostenes aliuliza.

"Maneno machache. 'Shida: kuni zinakwisha. Njia: mlima wa Rugu una miti. Matokeo: ikatwe.'"

"Na tarakimu?"

"Nimeweka mia tano. Karani alisema iwepo tarakimu, hakusema iwe ya nini."

Hapo ndipo vita vilipotangazwa, ingawa Gosbert hakujua, kwa sababu alikwenda zake kutafuta chai. Miti ya mlima wa Rugu ilikuwa juu ya chemchemi wanakonywea ng'ombe wa kijiji kizima. Mlima mmoja wa jirani ulikwisha kunyolewa, na chemchemi yake sasa ilikuwa mahali pa kukaushia nguo. Kama muhtasari wa Gosbert ungekwenda Bukoba peke yake, basi neno pekee ambalo mkutano ungelisikia kutoka pande hizi lingekuwa "ikatwe."

Jioni hiyo Sostenes alisimama katikati ya zizi, karibu na moto wa kufukuzia nzi, akawahutubia watu wa nyumba yake.

"Nitakwenda Bukoba!" alisema. "Nitasimama mbele ya wenye mvuke na wenye umeme, nami nitawaambia: moto ambao mmeutafuta chini ya ardhi na juu ya milima, ninyi mmeukanyaga kwa viatu mkaufuta kwenye majani! Dunia itajua kwamba Sostenes wa Rugu—"

"Baba Eseri," alisema mke wake, Kokuberwa, akigeuza andazi motoni kwa kijiti, "sogea kidogo, unaukinga upepo. Na huko Bukoba uwaambie pia ni nani anayeyafinyanga. Mimi nina mavi mpaka viwikoni, wewe una mwandiko."

"Utatajwa, mama Eseri. Utatajwa kwa heshima."

"Nitajwe mwanzoni. Mwishoni watu huwa wamelala."

Ndyamukama alikuwa kwenye kiti cha baba. Alimwacha mdogo wake afike katikati ya sentensi nyingine, kisha akasema, kama alivyozoea tangu utotoni mwao, "Basi, yatosha," na watu wakaenda kula. Sostenes alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na hakukuwa na mtu Rugu aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Shambulio la kwanza lilifanyika Jumatano. Sostenes alifika dirishani na karatasi nne, zilizojaa mbele na nyuma.

Dirisha hilo lililindwa na Egbert wa Muleba, bwana wa mihuri miwili, Mkatoliki mwenye miwani, mtoto wa wakulima wa migomba, aliyejua ng'ombe kwa njia ya mchuzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma maagizo, ambalo ni jambo la kutisha zaidi.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba. Hii nini?"

"Muhtasari."

Egbert alizipima karatasi zile kwa kiganja, kama mtu anayenunua nyama. Akasoma. Ukurasa wa kwanza uliwasalimu wakuu wa mkutano, wake zao, mifugo yao, mvua ya nchi zao na wazee wao walio hai. Wa pili uliwaombea rehema waliokufa. Wa tatu ulianza kumsifu fahali wa kwanza wa ukoo, aliyevuka mto Kagera na mkuki mgongoni, na sifa zake ziliendelea mpaka ukurasa wa saba. Samadi iliingia katika ukurasa wa nane, chini, pale ambapo karatasi ilikuwa imeanza kumwishia mwandishi.

"Bwana Sostenes, salamu zimekula chakula chote, wageni hawajafika."

"Karani, mtu ataingiaje katika nyumba ya watu na kuanza kusema habari za mavi bila kuwasalimu?"

"Hiyo siyo nyumba. Ni mkutano."

"Mkutano hauna wenyewe?"

"Upande mmoja," alisema Egbert, akazirudisha karatasi kwa kidole kimoja. "Shida, njia, matokeo. Fahali aliyevuka mto abaki ng'ambo."

Basi jeshi likarudi Rugu limeshindwa, na kwa siku nzima kukawa na maombolezo mezani kwa Sostenes. Zilianguka salamu za wake za wakuu. Zikaanguka rehema. Vikaanguka vivumishi kwa makumi, wale mashujaa wanene waliozoea kutembea watatu watatu nyuma ya kila nomino. Vikalala chini vimekatwa kwa mstari mmoja wa wino. Kokuberwa alimwona mumewe akimfuta yule fahali wa ukoo, akamwekea uji karibu, akaondoka bila kusema. Jambo hilo la mwisho lilikuwa nadra kiasi cha kuandikwa.

Siku ya Ijumaa alikuwa tena dirishani. Karatasi moja. Upande mmoja. Egbert aliisoma yote, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii ni nzuri," alisema, na alimaanisha hivyo. "Shida iko. Njia iko. Mkeo yuko mstari wa kwanza. 'Vikapu ishirini vya samadi mbichi kwa juma, vikapu saba vya maandazi makavu.' Safi kabisa. Lakini hapa umeandika, 'samadi hiyo hutokana na ng'ombe wanaotosha.' Wanaotosha ni wangapi?"

Sostenes alitazama ukuta.

"Ni wale wa nyumbani," alisema.

"Wangapi?"

"Zizi letu linajaa."

"Bwana wee, huko Bukoba watataka kujua ng'ombe mmoja anatoa kiasi gani, ili wajue wilaya nzima inaweza kutoa kiasi gani. Bila idadi ya ng'ombe, vikapu vyako havina mama. Andika tarakimu nigonge muhuri. Kumi? Hamsini?"

Hapa msimuliaji lazima asimame, kwa ajili ya wale waliolelewa na migomba. Mfugaji wa Karagwe hahesabu ng'ombe. Akisimama jioni mlangoni pa zizi anajua nani hajarudi, kama mama ajuavyo mtoto gani hayupo mezani, lakini hasemi idadi, wala haiandiki. Wazee walisema kwamba ng'ombe akihesabiwa, kifo kinajua pa kuanzia. Wengine, wasio na heshima, walisema kwamba ni kodi inayojua pa kuanzia. Tarikhi hii haichagui kati ya sababu hizo mbili. Inaandika tu kwamba katika nyumba ya Kaijage hakuna aliyewahi kuitamka idadi hiyo.

Gosbert alikuwa kwenye benchi, na alikuwa amesikia.

"Weka mia tano kama mimi," alisema kwa ukarimu.

"Wewe unasema uongo juu ya miti. Miti haina ndugu," Sostenes alijibu. "Mimi nikisema uongo juu ya ng'ombe, nimehesabu wasiokuwepo. Ni vibaya zaidi."

"Basi kesho mchana lori litakuwa na karatasi yangu peke yake. Nitakusalimia Bukoba."

Nyumbani, jioni hiyo hiyo, mambo yaliharibika. Ndyamukama alikwisha kupata habari, kwa maana habari za Kituntu hufika Rugu kabla ya mtu aliyezizaa. Alisimama akiwa ameshika fimbo ya baba.

"Nasikia karani wa Muleba anataka idadi."

"Anataka, kaka. Nami sijaitoa."

"Nisikilize, mtoto wa mama. Ukiandika idadi ya ng'ombe wa baba katika karatasi ya watu, kesho usifungue zizi hili. Utafute zizi lako, na ng'ombe wako, na baba yako."

"Na chemchemi je? Gosbert akikata mlima, hao ng'ombe wasiohesabika watakunywa nini? Siri?"

Hapakuwa na kumbukumbu ya Sostenes kumjibu kaka yake kwa swali.

Ndyamukama hakuzoea kuulizwa maswali, akakasirika. "Kesho nakwenda nawe," alisema. "Nitakaa pale pale niuone mkono wako."

Jumamosi basi! Siku ya vumbi na hukumu! Hata kabla jua halijapanda sana, benchi la baraza lilikuwa limejaa. Alikuwapo Gosbert, aliyekuja kuangalia ushindi wake ukipakiwa. Alikuwapo Kokuberwa na kikapu cha maandazi, kwa sababu alisema mkutano ukikataa maneno labda utakula ushahidi. Alikuwapo Ndyamukama, fimbo magotini, macho yake juu ya mkono wa kuume wa ndugu yake kama paka anayetazama shimo. Na nyuma ya dirisha, Egbert, mihuri yake imepangwa.

"Tarakimu imekuja?" aliuliza Egbert.

"Haijaja," alisema Sostenes. "Naomba unisomee tena maagizo. Yote."

Egbert, ambaye katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwomba jambo tamu kama hilo, aliyasoma yote. Alisoma juu ya ukubwa wa karatasi. Alisoma juu ya rangi ya wino. Akafika karibu na mwisho: "'Asiyejua kusoma na kuandika atatoa maelezo yake kwa mdomo, karani atasikiliza mpaka mwisho, ataandika muhtasari yeye mwenyewe, na mtoa maelezo ataweka alama ya dole gumba.'"

"Hapo," alisema Sostenes. "Mimi ni huyo."

Hata Gosbert aliacha kutafuna.

"Wewe ni nani?" aliuliza Egbert.

"Asiyejua kusoma na kuandika."

"Bwana Sostenes, Jumatano nilikuwa na karatasi nne zako mkononi. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu."

"Nani aliniona nikiandika?"

Egbert alifikiri. Alikuwa mtu wa ukweli, na ukweli ni kwamba hakumwona. Aligeuka kwa wale wa kwenye benchi. "Yupo anayeweza kushuhudia kwamba mtu huyu anajua kuandika?"

Nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa na barua nyumbani zenye mwandiko ule uliolala. Wakamtazama Sostenes. Walimwona amesimama wima, uso wake umekauka kama andazi, akiitoa mbele ya hadhara ile mali pekee ambayo kaka yake hakuwa nayo. Hakuna aliyefungua kinywa.

"Huyu?" alisema hatimaye Kokuberwa. "Huyu hata jina lake huwa namshikia mkono."

Basi Egbert alichukua karatasi safi, akachovya kalamu. Shida, akaandika. Njia, akaandika; na maandishi yake, kwa bahati isiyo ya kawaida, yalifuata neno kwa neno ile karatasi ya Ijumaa. Akafika kwenye matokeo. "Ng'ombe?"

Ndyamukama alinyanyuka nusu.

"Siwezi kukuambia wangapi," alisema Sostenes. "Ninaweza kukuambia akina nani."

Naye akarudi nyuma hatua, akainua mkono kama ifanyikavyo harusini, akaanza majigambo. Na majigambo ya ng'ombe si haramu; ni wajibu. Alimwita Bihogo, mwekundu wa damu ya mzee, mwenye pembe zinazoligawa jua. Alimwita Siina, mweusi anayekuja na mvua. Alimwita Mayenje wa madoa, aliyemtupa mwizi juu ya mwiba akamngoja ashuke. Alimwita Gaaju, na binti Gaaju, na binti wa binti yake anayekataa kukamuliwa na mtu mwenye kikohozi. Sauti ile ya besi ililijaza baraza, ikatoka nje, na watu waliokuwa wakipima kahawa yao waliacha mizani ikining'inia. Kila ng'ombe mmoja alipopita, Egbert alichora kijistari kimoja kwenye karatasi ya pembeni, akinung'unika, "Ndiyo. Mwingine. Ndiyo."

Ndyamukama alikuwa amekaa tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

Sostenes alimsifu ndama wa mwisho, akashusha mkono. "Ni hao," alisema.

"Ni hao?" Ndyamukama aliruka. "Ni hao nani? Kyozi yuko wapi?"

"Kaka, nilidhani—"

"Ulidhani nini? Umemwacha Kyozi! Mama wa nusu ya zizi! Karani, usifunge hiyo kalamu!" Akaitupa fimbo kwenye benchi, akainua mkono wake mwenyewe. "Kyozi, moshi wa asubuhi! Kyozi aliyevuka njaa akiwa na maziwa! Aliyemlilia baba yangu siku tatu mlangoni, alipokufa, wala hakula!" Akakaa chini.

"Mwingine," alisema Egbert kwa upole, akachora kijistari.

Kama Sostenes alimsahau Kyozi au alimwacha makusudi, hakuna ushahidi. Aliulizwa mara nyingi, na kila mara alitazama ukuta.

Ndyamukama alikitazama kile kijistari. Akatazama kalamu. Watu waliona akielewa, hatua kwa hatua, ni nani aliyemaliza hesabu.

"Nani amehesabu hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Egbert. "Ninyi mmesifu tu. Kwetu tuna migomba, wala hatuogopi kuihesabu." Akavijumlisha vijistari, akaiandika tarakimu mahali pake, akaifunika kwa kipande cha karatasi ya kukaushia wino ili ndugu hao wawili wasiione.

Ndyamukama aliichukua fimbo ya baba kutoka kwenye benchi, akailaza tena magotini. Kisha alimwambia mdogo wake, "Mmalizie karani maneno yako. Yale ya chemchemi."

Sostenes akayasema. Hakuna aliyesema yatosha. Alipofika mwisho hakujua la kufanya, kwa kuwa hakuwahi kufika huko, akasema, "Nimemaliza," na kaka yake akajibu, "Tumesikia."

"Mia tano yangu bado ni nyingi kuliko yenu," alisema Gosbert, lakini alisema akitazama viatu vyake.

Lori la posta lilipiga honi kilimani. Egbert alisogeza kidau cha wino. Mwana wa Kaijage, bwana wa mwandiko uliolala, mwandishi wa barua za Rugu yote, alichovya dole gumba lake la kuume, akalikandamiza chini ya ukurasa, akaliinua. Alama ilitoka safi. Egbert aliinua muhuri mkubwa, ule wa tarehe, akaupulizia pumzi mara moja, akaugonga, na baraza zima likasoma pamoja, wale waliojua kusoma na huyo mmoja aliyekwisha kuapa kwamba hajui: IMEPOKELEWA.

Watu wakapiga vigelegele kama siku ya kurudi jeshi. Mwaka huo, kwa mujibu wa wanawake wa Rugu, ulikoma kuitwa mwaka wa nzige wachache ukaitwa mwaka wa dole gumba.

Dereva aliichukua bahasha, akaitupa juu ya magunia ya kahawa karibu na ile ya Gosbert, akaliondoa lori kuelekea Bukoba.